Mabuti ya mlimani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda Vuria, Sagalla au Kasigau

MSAFIRI anayeshuka garimoshi mjini Voi akiwa na shanta mgongoni huwa na njia kadhaa za kuchagua. Anaweza kuelekea Wundanyi na kupanda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, chenye mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Anaweza kukwea Sagalla, kilima kinachoutazama mji huo kutoka upande wa kusini. Au anaweza kwenda mbali zaidi hadi Kasigau, mlima wa mita 1,641 uliosimama peke yake katikati ya nyika.

Njia hizo zote zina sharti moja. Mguu ndio unaombeba msafiri pamoja na maji, chakula na hema lake, na kiatu kikimsaliti njiani, hakuna duka la kukimbilia. Soli ikibanduka karibu na kilele cha Kasigau, mwenyewe hana budi kushuka akikanyaga mawe na miiba kwa saa kadhaa. Malengelenge yakipasuka siku ya kwanza, safari ya siku tatu hugeuka kuwa adhabu.

Licha ya hayo, wengi hununua mabuti kwa kuangalia sura, jina la kampuni au bei. Vigezo hivyo vitatu havitoshi. Buti hufaa au kutofaa kwa kutegemea mambo mengine matatu: ardhi litakayokanyaga, mguu utakaolivaa na umri wa soli yake. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali ndilo lenye hatari kubwa kwa mnunuzi wa mitumba.

Ardhi mbili katika kaunti moja

Taita Taveta ina nyika na milima, na kila upande una madai yake kwa kiatu.

Mji wa Voi uko katika mwinuko wa mita 600 hivi. Ardhi yake ni kavu, udongo wake ni mwekundu na jua lake ni kali. Adui mkuu wa kiatu huko ni mwiba. Migunga ina miiba mirefu myeupe, iliyonyooka na migumu kama msumari, ambayo huanguka chini pamoja na vijitawi vyake na kulala njiani ikielekea juu. Mwiba wa aina hiyo hupenya kwa urahisi soli nyembamba ya raba ya michezo na kuingia wayoni. Kidonda chembamba na kirefu cha namna hiyo si cha kupuuzwa kwa kuwa kinaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda.

Kuna pia vichaka vya kikwata, ambavyo miiba yake imepinda kama ndoana. Hivi havitoboi soli, bali hunasa kitambaa na kukichana. Kiatu chenye nyavu nyingi za kupitisha hewa hakidumu katika vichaka hivyo.

Isitoshe, nyika hiyo ni makao ya bafe, nyoka mnene mwenye sumu ambaye hulala kimya badala ya kukimbia anaposikia mtu. Wengi wanaoumwa naye huumwa mguuni kwa kumkanyaga bila kumwona. Buti linalofunika kifundo cha mguu pamoja na suruali ndefu hupunguza hatari hiyo, ingawa haliiondoi.

Milimani mambo hubadilika. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hivyo basi kilele cha Vuria huwa na baridi ya nyuzi kumi hivi zaidi ya Voi. Milima ya Taita ndiyo mwanzo, upande wa kaskazini, wa safu ya Tao la Mashariki inayoendelea Tanzania kupitia Upare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo na kugeuka ukungu, na ukungu huo ndio unaolisha misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia.

Katika misitu hiyo mwiba si tatizo kubwa. Tatizo ni utelezi. Mizizi ina kuvu, miamba ina ukungu uliotanda juu yake, na majani yaliyooza hufunika matope. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, njia zenye udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

Kwa hivyo, anayetaka jozi moja ya kumfaa kotekote anahitaji soli nene ya kuzuia mwiba, yenye meno marefu ya kushika matope, na ngozi au kitambaa kigumu cha kustahimili vichaka.

Viatu vinavyopatikana na kazi zake

Akala, yaani viatu vilivyochongwa kutokana na matairi ya magari, ni miongoni mwa viatu vinavyodumu kuliko vyote. Mpira wa tairi huzuia miiba mingi, haulowi na ukikatika hushonwa kwa urahisi. Wachungaji hutembea navyo masafa marefu nyikani. Hata hivyo, havikingi vidole dhidi ya mawe wala kifundo dhidi ya kuteguka, na kwenye mteremko wenye matope mguu huteleza ndani ya gidamu zake.

Raba za michezo ni nyepesi na hukauka upesi. Zinatosha kwa njia fupi iliyokanyagwa vyema, mathalan barabara ya magari inayofika kwenye minara ya mawasiliano juu ya Vuria. Hazifai kwa mzigo mzito wala kwa vichaka.

Gambuti hukinga maji na matope, na mkulima wa Wundanyi hawezi kukaa bila jozi yake. Lakini mguu hucheza ndani yake, jasho halina pa kutokea, na baada ya kilomita chache kisigino huanza kuchubuka.

Mabuti ya safari ya ngozi laini yenye soli ya mpira, ambayo yametengenezwa kwa miaka mingi katika kiwanda cha Bata mjini Limuru, ni mepesi na hupumua. Yanafaa kwa nyika kavu. Soli yake isiyo na meno marefu ndiyo kasoro yake pale njia inapokuwa na matope au jiwe lililolowa.

Mabuti halisi ya mlimani yako ya aina mbili. Kuna ya ngozi nzima, ambayo ni mazito, huchukua muda kuzoeleka lakini hudumu na kurekebishika. Kuna pia yaliyochanganywa kitambaa cha nailoni na vipande vya ngozi, ambayo ni mepesi na huzoeleka haraka lakini huchanika mapema zaidi kwenye mikunjo.

Uzito una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti waliopima nguvu zinazotumiwa na watembeaji walibaini kuwa kilo moja mguuni humchosha mtu kama kilo nne hadi sita mgongoni. Sababu ni kwamba mguu huinuliwa na kushushwa kwa kila hatua. Mwenye shanta jepesi kwa safari ya siku moja hana haja ya kujitwika mabuti mazito. Mwenye mzigo wa kilo 15 au zaidi anahitaji soli ngumu na shingo ya kushika kifundo.

Wapagazi wa vita na miguu mitupu

Kaunti hii inajua gharama ya safari bila viatu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Ujerumani yaliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, na Voi ikawa kituo muhimu cha majeshi ya Uingereza. Reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau, na mnamo Februari 12, 1916, vita vikali vilipiganwa kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta.

Mizigo ya vita hivyo ilibebwa na Waafrika walioandikishwa katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza ndilo lililozaa neno Kariakoo. Wengi wao walitembea miguu mitupu. Makumi ya maelfu walifariki kabla ya vita kuisha mwaka wa 1918, zaidi kutokana na maradhi na uchovu kuliko risasi. Vidonda vya miguu na funza vilikuwa sehemu ya mateso yao ya kila siku.

Miongo miwili baadaye, msiba mwingine ulibadilisha soli za mabuti. Mnamo 1935, Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita katika milima ya Alps. Viatu vyao havikuwafaa katika baridi kali iliyowakumba. Bramani alibuni soli ya mpira yenye meno makubwa, na kufikia 1937 alikuwa ameisajili. Jina la soli hiyo, Vibram, limetokana na jina lake, na hadi leo huonekana kwenye nembo ndogo ya manjano chini ya mabuti mengi.

Hatari iliyofichika katika mitumba

Mabuti mengi ya mlimani yanayouzwa nchini kwa bei nafuu ni ya mitumba. Hupatikana Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa na katika masoko madogo, yakiwemo ya Voi. Miongoni mwake kuna mabuti bora ambayo yakiwa mapya yangeuzwa kwa fedha nyingi mno. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho.

Buti la kisasa huwa na soli ya tabaka mbili. Tabaka la nje, linalogusa ardhi, ni la mpira. Juu yake kuna tabaka la kati la kupunguza kishindo, ambalo hutengenezwa kwa povu la plastiki. Aina moja ya povu linalotumika sana ni poliyurethani. Povu hili ni imara na hustahimili mizigo, lakini lina ugonjwa wake: mvuke wa maji ulio hewani hulivunja polepole kutoka ndani. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo.

Jambo la kushangaza ni kwamba buti linaweza kuharibika likiwa limehifadhiwa tu. Jozi iliyokaa kabatini kwa miaka kumi inaweza kuonekana mpya kabisa, meno yake yakiwa hayajaguswa na ngozi yake iking'aa, ilhali povu lake limekuwa kama mkate mkavu. Mwenyewe akitembea nalo saa mbili au tatu, soli nzima hubanduka au kumomonyoka vipande vipande. Kwa kawaida soli ya pili hufuata muda mfupi baadaye, kwa kuwa zote zina umri mmoja.

Kwa hivyo, mnunuzi wa mitumba asidanganywe na meno mapya. Afanye yafuatayo kabla ya kutoa pesa:

Kwanza, abonyeze tabaka la kati kwa kidole gumba kwa nguvu. Povu zima hurudi mahali pake. Lililokufa hubaki na alama, hunata au hutoa unga.

Pili, akunje buti kwa nguvu mara kadhaa na kutazama ubavuni. Nyufa ndogo zinazofunguka kama mistari ni ishara mbaya.

Tatu, ajaribu kuingiza ukucha mahali soli inapokutana na ngozi, hasa puani na kisiginoni. Palipoachia kidogo sokoni pataachia zaidi mlimani.

Nne, atafute kitambulisho ndani ya ulimi wa kiatu. Baadhi ya watengenezaji huchapisha hapo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti la poliyurethani lililozidi miaka saba au minane linahitaji kutiliwa shaka hata kama halijavaliwa.

Tano, aweke jozi juu ya meza na kuitazama kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja huonyesha mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza, na mwendo huo utamlazimisha mwenye kiatu mpya kukanyaga vibaya.

Buti la ngozi lenye soli iliyochoka si lazima litupwe. Iwapo soli imeshonwa, fundi hodari wa viatu anaweza kuifumua na kushona nyingine ya mpira mzito. Kiatu kilichogandishwa kwa gundi pekee ni kigumu zaidi kurekebisha. Vyovyote iwavyo, kazi hiyo ifanywe wiki kadhaa kabla ya safari ili buti lijaribiwe karibu na nyumbani.

Kupima mguu

Nambari iliyoandikwa kwenye kiatu ni mwongozo tu. Nambari 42 ya Ulaya hukaribiana na 8 ya Uingereza, lakini kampuni mbili zinaweza kutoa viatu vya nambari moja vinavyotofautiana kwa urefu na upana. Nambari za Marekani nazo huwa juu zaidi, na za wanawake hutofautiana na za wanaume.

Mguu huvimba kadiri mtu anavyotembea na kadiri joto linavyopanda. Ni busara kupima mabuti alasiri, wala si asubuhi, na kuvaa soksi zile zile zitakazotumika safarini. Miguu yote miwili ipimwe kwa kuwa aghalabu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu kinunuliwe kwa kuufuata ule mkubwa.

Kabla ya kufunga kamba, mguu usukumwe mbele hadi vidole viguse pua ya kiatu. Kidole kimoja cha mkono kinapaswa kupita nyuma ya kisigino. Kisha mguu urudishwe nyuma, kamba zifungwe na mwenyewe atembee. Kisigino kisipande na kushuka. Vidole viwe huru kuchezacheza.

Kipimo cha mwisho ni mteremko. Mnunuzi asimame kwenye ngazi au ubao ulioinama akielekea chini, kisha apige hatua kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, buti hilo ni dogo. Mtu anaposhuka Vuria au Kasigau, hukanyaga hivyo maelfu ya mara, na kucha za vidole gumba hugeuka nyeusi na hatimaye kung'oka.

Soksi, kamba na malengelenge

Malengelenge husababishwa na msuguano, joto na unyevu vikikutana. Soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki zimelowa, hivyo huchubua ngozi. Za sufu au za nyuzi za viwandani ni bora, hata wakati wa joto.

Mabuti mapya ya ngozi yavaliwe kwanza nyumbani, kisha sokoni, kisha katika matembezi ya saa mbili tatu, na hatimaye yakiwa na mzigo. Wiki mbili hadi nne hutosha kwa mengi.

Msafiri akihisi joto mahali fulani mguuni, asingoje kufika kambini. Avue kiatu papo hapo, akaushe mguu na kubandika plasta. Dakika tano za kusimama huokoa siku nzima.

Wakati wa kupanda, kamba zilegezwe kidogo kifundoni. Wakati wa kushuka, zikazwe juu ya wayo ili mguu usiteleze mbele.

Mabuti yenye utando wa kuzuia maji, uliofika madukani kuanzia miaka ya 1970, yana faida msituni wakati wa mvua. Nyikani ni mzigo wa jasho. Aidha, maji yakiingia kupitia shingoni, buti la aina hiyo huchelewa kukauka kuliko la kawaida.

Utunzaji

Mabuti yaliyolowa yasikaushwe kando ya moto wala jiko. Joto kali hukausha ngozi ikapasuka na kulainisha gundi. Yafunguliwe, soli za ndani zitolewe, kisha yajazwe karatasi za magazeti makuukuu, ambazo zibadilishwe kila zinapolowa. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Udongo mwekundu usuguliwe kwa brashi baada ya kila safari kwa kuwa huvuta mafuta ya ngozi. Ngozi ipakwe nta au mafuta yake kwa kiasi. Mabuti yahifadhiwe mahali pakavu, wala si ndani ya mfuko wa plastiki au buti la gari lililoegeshwa juani.

Katika shanta mwe na kamba moja ya ziada na utepe mgumu wa kunata. Soli ikiachia njiani, ifungwe kwa kuzungushiwa utepe au kamba kutoka chini hadi juu ya kiatu, mizunguko ikipita mbele ya kisigino na kwenye upana wa wayo. Haitadumu, lakini inaweza kumfikisha mtu kijijini.

Anayebeba mzigo naye ana miguu

Wapandaji wengi hukodi vijana wa kuwaongoza au kuwabebea mizigo, iwe Kasigau au ng'ambo ya mpaka wa Taveta, ambako barabara ya Holili huelekea Moshi na Kilimanjaro yenye mita 5,895. Si ajabu kumwona mgeni akiwa na mabuti ya thamani huku anayebeba shanta lake amevaa raba zilizotoboka.

Hilo si suala la huruma pekee. Mpagazi akiteguka mguu, chakula na hema hubaki njiani pamoja naye, na yeye hupoteza kipato cha msimu mzima. Mradi wa KPAP mjini Moshi, ulioanzishwa mwaka wa 2003, huazima wapagazi mavazi ya mlimani kwa sababu hiyo hiyo. Anayekodi msaidizi Taita anaweza kufanya vivyo hivyo kwa njia rahisi: siku moja kabla ya safari, aombe kuona viatu vyake, abonyeze soli kwa kidole gumba kama alivyobonyeza za kwake, na zikiwa zimechoka, gharama ya fundi iingizwe katika bajeti ya safari.